Walinipaka Krimu Mapafu Yakiharibika

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipotolewa nje ya chumba cha mtihani kwa sababu ya uso wangu. Ilikuwa asubuhi ya karatasi ya hesabu, kidato cha nne, na msimamizi alikuwa mgeni, ameletwa kutoka shule nyingine. Alikuwa akipita baina ya madawati akikagua kadi. Alipofika kwangu aliitazama picha, akanitazama mimi, kisha akaitazama picha tena.

"Mama, inuka," aliniambia. "Mwanao yuko wapi?"

Sikumfahamu. Nilibaki nimeshika kalamu.

"Nakuuliza, huyo mtoto uliyekuja kumfanyia mtihani yuko wapi?"

Darasa zima liligeuka. Nilimwambia mimi ndiye mwenye kadi, akacheka, akanishika mkono wa shati la shule na kunitoa hadi ukumbini. Nilisimama pale mpaka mwalimu mkuu akaja kuapa kwamba ananijua tangu kidato cha kwanza. Niliporudi kitini, wenzangu walikuwa wameshafungua ukurasa wa tatu. Hakuna aliyeniongezea hata dakika moja. Hakuna aliyeniomba radhi. Yule msimamizi alisema tu, "Sasa mimi ningejuaje?"

Leo nina miaka thelathini na mbili, na jibu lake lile bado linanipandisha hasira. Angejua kwa kuniuliza kabla hajanishika. Lakini watu wengi walionitazama maishani mwangu hawakuuliza. Walioulizwa walikuwa wengine, na waliojibu hawakujua.

Ngozi yangu ililegea tangu tumboni. Ukiivuta shavuni inafuata mkono, na ukiiachilia hairudi upesi kama yako. Hukaa hapo hapo kidogo, kisha hushuka taratibu. Mashavu yananing'inia pande mbili za mdomo, kope za juu zilikuwa zimenilalia machoni, na shingo ina mikunjo mtu angedhani nina miaka sabini. Sauti nayo ni nzito, ya kukwaruza. Mamangu anasema mkunga aliponipokea aliniinua kwenye taa, akanigeuza, akasema, "Huyu mbona amekuja ameshazeeka?" Neno hilo lilitoka chumbani kabla yangu.

Nyumba yetu iko kichochoroni, nyuma ya Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, na kichochoro chetu ni chembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka. Kabla sijatimiza siku arubaini, kila mwanamke alikuwa na sababu yake. Moja ndiyo iliyoshika: mamangu alipokuwa na mimba yangu, alimcheka kizee. Basi. Mungu amemrudishia. Walisema hivyo mbele yake, wakinywa kahawa yake, wakila mahamri yake. Hakuwahi kuwajibu. Mimi nilikua nikidhani ni uzushi mtupu, na kimya chake nilikiita upole.

Babangu, aliyekuwa fundi wa saa, hakutaka kusikia habari za vizee. Nilipofika miaka saba alinipeleka kwa daktari wa ngozi mjini, mtu mwenye sifa, ambaye chumba chake cha kungojea hakikukosa watu. Daktari huyo alinitazama bila kuinuka kitini. Alinivuta ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akaandika, akasema, "Ngozi yake imechoka tu. Tutaipa nguvu." Tukapewa krimu.

Kwa miaka kumi na tano mamangu alinipaka krimu asubuhi na usiku. Ilikuwa ya bomba jeupe, kisha ya kopo la kijani, kisha nyingine iliyonuka kama dawa ya viatu na kunichoma shingo mpaka nikalia. Kila tukirudi, daktari alikuwa akibadilisha bomba. Hakuwahi kuniweka kitandani. Hakuwahi kunisikiliza kifua. Mamangu alipomwambia kwa aibu kwamba nina uvimbe kinenani, unatoka nikikohoa na kurudi nikilala, alimjibu kwamba hiyo ni ngiri, aende kwa wa upasuaji, yeye hashughuliki na hayo. Wa upasuaji naye alisema ni ngiri ya kawaida, haina haraka. Tukarudi nyumbani, tukapaka krimu.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, daktari wa ngozi aliniita nikaingia nikakuta vijana sita wenye makoti meupe. Hakuniambia ni kina nani. Aliniambia nivue mtandio. Alinivuta ngozi ya shingo kama muuzaji anayeonyesha kitambaa, akaachilia, wakatazama ikishuka, akavuta tena. Mmoja alipiga picha. Mwengine, msichana mwenye miwani, aliuliza kwa woga, "Daktari, mapafu yake yamepimwa?"

"Hapa tunatazama ngozi," alimjibu, na wote wakacheka kidogo, kwa adabu.

Nililisikia swali hilo. Sikulifahamu. Nilikuwa nikihangaika kutafuta mtandio wangu ulipoangukia.

Nilipomaliza shule nilishika kazi ya mamangu, ya kuchora hina na piko, ile rangi nyeusi. Mkono wangu ni mtulivu, na maua yangu yalikuwa yakitafutwa. Baadhi ya watu hawakunitaka karibu na bi harusi. Walikuwa wakimwita mamangu peke yake, au wananiomba nifunge ninja, nifunike uso hata ndani ya nyumba. Nilifunga. Nilikuwa nikitaka kazi.

Pumzi ilianza kunisumbua nikiwa na miaka ishirini na kitu. Mwanzo ni kwa ngazi tu, kisha kwa kuinama, kisha hata kwa kufua leso mbili. Kituo cha afya cha kwanza waliniambia ni pumu, wakanipa dawa ya kuvuta mdomoni. Haikusaidia. Kituo cha pili, kijana mmoja aliniangalia uso kwa huruma na kusema, "Dada, wewe una mawazo. Mtu mwenye hali kama yako lazima awe na mawazo. Jitahidi kutulia." Nilirudi nyumbani nikajitahidi kutulia. Nataka hilo lieleweke. Nilikaa kitandani nikijilaumu kwamba siwezi kupumua kwa sababu nina roho dhaifu.

Siku iliyobadilisha mambo nilikuwa nimeitwa kumchora bi harusi katika nyumba ya ghorofa tatu hapa hapa Mji wa Kale. Ngazi zake ni za mbao, zimesimama kama ukuta. Nilipofika juu sikuweza kusalimu. Nilishika mlango, mdomo wazi, kifua kinapanda na hakishuki. Shangazi wa bi harusi alinitazama, akawageukia wenzake.

"Jamani, bibi mzima kama huyu mwampandishaje ghorofani? Afie hapa harusini kwetu?"

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Bi harusi alikuwa na ishirini na nane. Tulisoma naye chuo cha Kurani, tukikaa mkeka mmoja. Aliinama asinitazame.

Nilichora. Nilichora mikono yote miwili na miguu, nikapumzika kila baada ya ua. Niliposhuka, nilipanda tuktuk nikamwambia dereva anipeleke Ganjoni, kwenye kliniki moja ndogo chini ya fleti, kwa sababu jirani alinitajia kwamba kuna daktari mpya pale, mwanamke. Sikwenda kwa matumaini. Nilikwenda kwa sababu niliona aibu kufia njiani.

Alikuwa binti mdogo, wa umri wangu, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Aliinuka nilipoingia. Nakumbuka hilo kwa sababu sikulizoea.

"Ulizaliwa hivi, ama ngozi ilianza kulegea baadaye?" aliniuliza.

"Nalizaliwa hivi."

"Ukipanda ngazi?"

Nilimweleza. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akaniambia nivute pumzi, nitoe, nivute. Kisha akauliza, "Una ngiri?"

Nilishtuka. Hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia pale.

"Umejuaje?"

"Na wazazi wako, ni jamaa?"

"Mtu na binti ami yake," nilisema.

Alikaa akanivutia kiti chake karibu. Alisema angependa kukata kipande kidogo cha ngozi mkononi, mfano wa punje ya choroko, kipelekwe kikatazamwe kwa hadubini. Alitaka pia picha ya mapafu na kipimo cha moyo. Nilimuuliza kama kipande hicho hakingechukuliwa zamani. "Kingechukuliwa," alisema.

Majibu yalipokuja nilikwenda na mamangu. Daktari alituchorea kwenye karatasi. Alisema ngozi ya mtu ina nyuzi nyembamba sana zinazoirudisha ikivutwa, zinaitwa elastini. Za kwangu zimekatika vipande vipande, hazikutengenezwa sawa tangu nilipokuwa tumboni. Na nyuzi hizo haziko kwenye ngozi tu. Ziko kwenye mshipa mkubwa utokao moyoni, ambao kwangu umetanuka kidogo na utahitaji kuangaliwa kila mwaka. Ziko kwenye mapafu, na ndizo zinazoyasukuma yatoe hewa. Yangu yamelegea kama uso wangu. Hewa inaingia, haitoki vizuri, na baadhi ya vifuko vyake vimeshapasuka.

"Vitapona?" mamangu aliuliza.

"Vilivyoharibika havirudi, mama. Tutalinda vilivyobaki."

Ugonjwa wenyewe una jina la Kilatini, maneno mawili. Nilimuuliza maana yake. Alisema maana yake ni ngozi iliyolegea. Nilicheka vibaya mpaka nikakosa pumzi. Hilo hata mkunga alilijua.

Ndipo mamangu alipouliza swali ambalo sikulitarajia. Alikuwa amekunja pembe ya buibui lake mkononi.

"Daktari, si kwa sababu nalimcheka kizee?"

"Kizee gani, mama?"

"Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Alianguka pale sokoni, machungwa yake yakamwagika, nami nikacheka. Nilimsaidia kuokota baadaye. Lakini nalicheka."

Daktari hakucheka. Alimshika mkono akamwambia, "Mama, hakuna kicheko kinachofanya hivi. Nyuzi hizi ni za damu, za kurithi. Hukufanya kosa lolote."

Mamangu alilia pale kliniki kama mtu aliyefiwa. Na mimi, badala ya kufurahi, nilijawa na ghadhabu hata masikio yakapiga kelele. Miaka ishirini na tisa mwanamke huyu alikuwa akijihesabu kuwa ndiye aliyeniharibu. Alikuwa akinipaka krimu kama anayelipa kafara. Na wale waliomtia neno hilo moyoni walikuwa wakija kwetu kila Idi, wakiulizia hali yangu kwa masikitiko.

Wiki ile ile nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Sikuweka miadi. Nilikaa chumba cha kungojea mpaka mgonjwa wa mwisho alipotoka, nikaingia. Alikuwa amezeeka, lakini alinikumbuka mara moja, maana uso wangu hausahauliki.

"Karibu, karibu. Krimu imekwisha?"

Nilimwekea picha ya mapafu juu ya meza. Aliiinua kwenye mwanga, na nikaona kwamba anafahamu anachokitazama. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alifahamu.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Pole sana," alisema. "Lakini mimi ni wa ngozi, binti yangu. Kila mtu na fani yake."

"Kuna msichana alikuuliza hapa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Alikuuliza mapafu yangu yamepimwa. Mwanafunzi alijua kuuliza."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Mulicheka."

Aliweka picha chini. Alisema ugonjwa huu hauna dawa, na hata angejua, angefanya nini? Nilimwambia angefanya mengi. Angemwambia mamangu aondoe moshi nyumbani. Angehimiza ngiri ishonwe kabla haijawa kubwa kama ngumi. Angetuambia ni wa kurithi, na mamangu asingelala na dhambi ambayo si yake. Angeacha kunichoma shingo. Nilisema yote hayo kwa vipande vipande, nikisimama kuvuta pumzi kila sentensi, na yeye alingoja kwa subira kama anayengoja mvua ipite. Nilipomaliza aliniuliza kama ningependa maji.

Nilitoka. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikishasema nitapata nafuu. Sikupata. Nilishuka barabarani, na hasira ilikuwa pale pale, ila sasa ilikuwa imemjua mwenyewe.

Tiba yangu ni ya kulinda na kutengeneza, si ya kuponya. Ngiri ilishonwa, na daktari wa upasuaji alitia wavu ndani kwa sababu nyama zangu pekee hazishiki. Nimefundishwa kutoa pumzi kwa mdomo uliobanwa, taratibu, kama anayepoza chai. Mshipa wa moyo unapimwa kila mwaka. Na moshi ulikatazwa nyumbani, kila aina ya moshi. Mamangu alitoa chetezo, udi, ubani, na jiko la makaa, akampa jirani siku hiyo hiyo. Nyumba yetu haina harufu sasa. Wageni wanalisema hilo, na wengine wanaona tumepungukiwa na heshima. Nikialikwa kwenye harusi nauliza kwanza kama wameshafukiza. Wananiona nina maringo.

Kuhusu uso, daktari wa upasuaji aliniambia anaweza kuvuta na kukata ngozi iliyozidi, na ingependeza, lakini kwa kuwa nyuzi ni zile zile, baada ya miaka italegea tena. Alinionyesha kwenye kioo nitakavyokuwa, akinivuta mashavu kwa viganja. Niliona mtu aliyefanana na mdogo wangu wa kiume. Nilitazama kwa muda mrefu. Kisha nikamwambia anitengenezee kope tu, kwa sababu zilikuwa zikinizuia kuona ninapochora. Aliona nimekosa akili. Lakini niliwaza kulazwa, kutiwa dawa ya usingizi na mapafu haya, kurudia tena na tena, kwa ajili ya macho ya akina nani? Ya yule msimamizi? Ya yule shangazi wa ghorofani? Sasa ninaona kucha ya kidole cha mwisho cha bi harusi bila kuinua kichwa. Hilo lilinitosha.

Yaliyofuata yalikuwa magumu kuliko kisu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amechumbia binti ya mjomba wetu, ndugu wa mamangu, anayekaa Tononoka. Wanapendana, si ndoa ya kulazimishwa. Daktari wa Ganjoni alikuwa ameshatueleza kwamba namna moja ya ugonjwa huu hutokea pale baba na mama wote wawili wanapobeba kasoro ile bila kujijua, na jamaa wa damu moja huweza kubeba kitu kimoja. Bila ya kupima damu hajui kama yangu ni namna hiyo. Lakini alisema wanaotaka kuoana waambiwe.

Mamangu aliniomba ninyamaze mpaka harusi ipite. Nilikataa. Nilikwenda Tononoka siku ya Ijumaa baada ya sala, nikamweleza mjomba sebuleni kwake, mbele ya mkewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe huna mume, ndio wataka na mwenzio akose?"

"Mjomba, sikusema wasioane. Nimesema wapimwe."

"Ukoo wetu hauna maradhi. Babu zetu wameoana hivi hivi na wote walizaa watoto wazima."

"Na mimi ni nani?" nilimuuliza.

Mkewe alinyanyua kikombe changu cha chai ambacho sikuwa nimekimaliza. Nilijua hapo kwamba kwa muda wote ule, kwao, mimi nilikuwa ni kosa la mamangu. Kosa la mtu mmoja lilikuwa rahisi kulibeba. La ukoo mzima halikubebeka.

Nilirudi nyumbani nikiwa sina la kufanya. Siku tatu baadaye binti mwenyewe alikuja, peke yake, akapanda hadi chumbani kwangu. Alikaa kitandani akaniambia nimvulie mtandio.

"Nionyeshe," alisema. "Tangu utotoni naambiwa nisikutazame sana."

Nilimwonyesha. Nilimpa mkono wangu akavuta ngozi, akaiona ikishuka. Nilimwambia aweke sikio mgongoni mwangu asikie pumzi inavyotoka. Aliuliza maswali kama yule daktari, moja baada ya jingine, wala hakuniambia pole. Alipomaliza alimpigia simu mdogo wangu, akamwambia, "Kesho twende Ganjoni. Usimwambie babangu."

Walikwenda. Damu yangu na yao imepelekwa ng'ambo, maana hapa kipimo hicho hakipatikani, na majibu hayajaja. Harusi imesogezwa. Wamesema majibu yakiwa mabaya bado wataoana, ila watajua wanachokingojea, na mtoto wao akija na ngozi kama yangu atasikilizwa kifua siku ya kwanza. Sijui kama nawaunga mkono. Kuna siku nawaunga, kuna siku natamani kuwafungia mlango wasionane. Mimi nilizaliwa hivi na sijutii kuzaliwa. Ninachojutia ni watu.

Mjomba ananilaumu mimi kwa harusi kusogezwa. Tukikutana Ndia Kuu hujifanya anatazama bidhaa za duka, hata likiwa la vinyago vya watalii. Siwezi kumkimbilia, pumzi hainiruhusu. Nasimama pale pale nilipo, nangoja kifua kitulie, kisha namwamkia kwa hii sauti yangu ya kukwaruza, wenye maduka wote wakisikia.

"Shikamoo, mjomba."

Mara nyingine hunibidi kuamkia mara mbili.

"Marahaba," husema mwishowe, akitazama vinyago.